Beryl Markham, rubani aliyepeleka mtungi wa oksijeni Nungwe

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ukanda wa dhahabu wa Geita haukuwa na kikosi cha ndege za uchukuzi cha kuutegemea pale jambo la dharura lilipotokea. Kazi hiyo ilifanywa na marubani wachache wa kiraia kutoka Nairobi, ambao waliruka peke yao katika ndege ndogo zilizojengwa kwa mbao na kitambaa, bila redio, wakiongozwa na dira, ramani na macho yao.

Mmoja wao alikuwa mwanamke. Jina lake ni Beryl Markham, aliyefariki dunia mjini Nairobi tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 83.

Ulimwengu unamkumbuka kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936. Hata hivyo, kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1942 hakianzi na bahari hiyo. Kinaanza na safari ya usiku kutoka Nairobi kwenda Nungwe, kambi ya wachimbaji dhahabu iliyokuwa kusini mwa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Geita.

Nungwe hiyo isichanganywe na Nungwi ya Unguja. Hii ni ya kando ya ziwa, na katika miaka ya 1930 ilikuwa miongoni mwa milango ya kuingilia katika machimbo ya dhahabu.

Beryl Clutterbuck, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi familia yake ilihamia katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, nchi ambayo leo ni Kenya, na baba yake, Charles Clutterbuck, akaanzisha shamba huko Njoro.

Mama yake hakuyaweza maisha hayo. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, Richard, na kumwacha binti huyo mdogo mikononi mwa baba aliyekuwa na shughuli nyingi za mashine za kusaga nafaka, kupasua mbao na kufuga farasi wa mashindano.

Kwa hiyo Beryl alilelewa zaidi na majirani na wafanyakazi wa shamba kuliko na wazazi wake. Alicheza na watoto wa Kikalenjin, akajifunza kutumia mkuki na kufuatana na wawindaji porini. Alikua akizungumza Kiswahili kama lugha yake ya kila siku. Rafiki wa utoto wake, Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta, alikuja kuwa mwenzake wa kazi kwa miaka mingi, kwanza katika mazizi ya farasi na baadaye katika banda la ndege.

Malezi hayo yanaeleza mengi juu ya rubani aliyekuja kuwa. Aliyazoea mapori, aliujua uchovu wa safari ndefu, na hakuwa na desturi ya kungojea mtu mwingine amfanyie kazi iliyo mbele yake.

Mwaka 1919, akiwa hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves. Muda mfupi baadaye baba yake alifilisika. Shamba la Njoro lilipotea, na mzee Clutterbuck akahamia Peru kutafuta riziki. Beryl alibaki, akachukua leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, na kuwa mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya akiwa bado kijana wa miaka 18 au 19.

Ndoa ya kwanza haikudumu. Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, ambaye alimpa jina alilolitumia hadi kufa. Mtoto wao wa pekee, Gervase, alizaliwa mwaka 1929 na kulelewa Uingereza upande wa baba. Beryl alirudi Afrika bila mume na bila mtoto. Hilo ni doa ambalo waandishi wa maisha yake hawakulificha, kwani yeye aliyeachwa na mama alifanya vivyo hivyo kwa mwanawe.

Wakati huo usafiri wa anga ulikuwa ndio kwanza unaanza kuota mizizi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na ndege moja ndogo. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Kutokana na jina la mama huyo, uwanja wa ndege wa Wilson ulioko Nairobi unaitwa hivyo hadi leo.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka. Mwaka huo wa mafunzo, 1931, ulianza kwa msiba. Mwezi Mei rafiki wa karibu wa Beryl, Denys Finch Hatton, alianguka na ndege yake huko Voi na kufa pamoja na msaidizi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na kwa mujibu wa simulizi yake, ni mwalimu wake aliyemshauri asiende.

Ajali hiyo haikumrudisha nyuma. Mwezi Juni 1931 aliruka peke yake kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alirusha ndege yake aina ya Avro Avian kutoka Kenya hadi Uingereza, na mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kuongoza ndege tu. Mwombaji alitakiwa pia kuifahamu injini na kanuni za kutafuta njia angani.

Kuanzia hapo anga likawa chanzo cha mkate wake. Alibeba abiria, barua, dawa na vipuri. Aliwatafutia wawindaji matajiri makundi ya tembo kutoka juu, kazi iliyolipa vizuri, ingawa leo hakuna anayeweza kuisifu.

Ili kuelewa kwa nini ndege ilihitajika Geita, ni lazima kuitazama nchi ilivyokuwa. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, lakini uchimbaji ulishika kasi katika miaka ya 1930. Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Madini ambayo zamani hayakulipa gharama za kuyachimba yakawa ghafla yana faida.

Watafutaji dhahabu wakamiminika. Barabara, hata hivyo, hazikuja kwa kasi hiyo. Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928 na kuishia hapo. Aliyetaka kwenda Geita alilazimika kuvuka ghuba ya ziwa kwa chombo cha majini, kisha kushika njia za vumbi ambazo wakati wa masika ziligeuka tope.

Katika mazingira hayo, mgonjwa mahututi kambini alikuwa mbali na hospitali kwa siku kadhaa, si kwa saa. Uchimbaji wa miamba nao ulikuwa na maradhi yake. Vumbi la mawe linapoingia mapafuni halitoki, na mchimbaji aliyelivuta kwa miaka mingi huishia kupigania kila pumzi.

Kitabu cha Beryl kinaeleza kuwa katikati ya Juni 1935 ulifika Nairobi ujumbe kupitia Mwanza, ukiomba mtungi wa oksijeni upelekwe haraka Nungwe kwa ajili ya mchimbaji aliyekuwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu. Beryl aliupakia mtungi katika Avian yake na kuruka usiku.

Umbali wa njia ya moja kwa moja unazidi kilomita 500. Chini yake palikuwa na giza la Bonde la Ufa, kisha nyika, kisha maji ya ziwa. Ndege ilikuwa na injini moja na chumba cha rubani kilicho wazi kwa upepo. Kama injini ingezimika, hakuna ambaye angejua mahali pa kuanza kumtafuta. Safari hiyo, kwa maelezo yake, ilichukua saa tatu na dakika 40, na kiwanja cha kutua kilikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa na kuwashwa mioto ili rubani akione.

Mzigo wenyewe ulikuwa mtungi mmoja. Hata hivyo, kwa kambi ile, mtungi mmoja uliofika alfajiri ulikuwa na thamani kuliko shehena nzima ambayo ingefika baada ya wiki. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uchukuzi wa anga, na majeshi ya dunia yalikuja kuijenga mikakati yao juu yake miaka michache baadaye.

Shinyanga nayo imo katika simulizi hiyo. Akiwa Nungwe, Beryl alikuwa na wasiwasi juu ya rubani mwenzake aliyefahamika kwa jina la Woody, ambaye aliondoka Shinyanga kwenda Nairobi kwa ndege ndogo ya Kijerumani aina ya Klemm na asionekane. Badala ya kurudi moja kwa moja, Beryl alipitia tambarare za Serengeti akiitafuta ndege hiyo, na akampata mwenzake akiwa hai.

Mambo mawili hayo, mtungi wa oksijeni na msako wa rubani aliyepotea, ndiyo hasa kazi ambazo baadaye zilikabidhiwa vikosi maalumu vyenye ndege kubwa, redio na wahudumu wengi. Mwaka 1935 zilifanywa na mtu mmoja katika safari moja.

Hapana budi pia kueleza upande ambao simulizi za kishujaa za zama zile huuruka. Ndege iliitwa na mwenye uwezo wa kuilipia au mwenye cheo cha kusikilizwa Nairobi. Chini ya mashimo yale yale walifanya kazi vibarua Waafrika, waliovuta vumbi lile lile. Majina yao hayamo katika daftari za marubani. Anga la kikoloni lilifupisha umbali kwa wachache, na wengi waliendelea kubebwa kwa machela au kufia kambini.

Beryl mwenyewe hakukaa muda mrefu katika kazi hiyo. Mwaka 1936 alikwenda Uingereza, ambako John Carberry, mlowezi wa Kenya mwenye fedha, alikubali kumwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull kwa sharti kwamba avuke Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi.

Mwelekeo huo ni mgumu kuliko ule wa kinyume, kwa sababu upepo mkuu wa bahari hiyo huvuma kutoka magharibi. Amelia Earhart wa Marekani alikuwa amevuka peke yake mwaka 1932, lakini yeye aliusindikiza upepo. Beryl alitakiwa kuukabili.

Aliondoka katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Alipambana na mvua, mawingu na baridi kwa zaidi ya saa 20. Karibu na pwani ya Kanada injini ilianza kukosa mafuta, baada ya barafu kuziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, na ndege ikashukia katika kinamasi cha Baleine Cove, kwenye kisiwa cha Cape Breton. Ndege iliinama na kuzamisha pua katika tope. Beryl alitoka akiwa na jeraha kichwani.

Hakuifikia New York kama alivyokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. New York ilimpokea kwa shangwe. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo mwalimu wake, Campbell Black, aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, baada ya ndege ya kijeshi kuigonga ya kwake ikiwa ardhini.

Vita vilipoanza mwezi Septemba 1939, Beryl alikuwa nje ya Afrika. Lakini shule ya urubani iliyomkuza iliingia vitani bila yeye. Serikali ya kikoloni ilizichukua ndege za Wilson Airways pamoja na marubani na mafundi wake, na kuziingiza katika kikosi cha anga cha akiba cha Kenya. Ndege zilizokuwa zikibeba barua na abiria wa machimbo na mashamba zilipewa kazi ya kusafirisha maafisa na ujumbe, na kufanya doria.

Kwa namna hiyo kampuni ya mama mjane ilizaa kikosi cha kijeshi karibu kwa usiku mmoja. Wanajeshi hawakuhitaji kuwafundisha marubani wale namna ya kutua mahali pasipo na kiwanja, kwani walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Wilson Airways haikufufuka tena. Nafasi yake ilishikwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977.

Baada ya Uhuru, Tanzania nayo ilijenga kikosi chake cha anga. Kanada, ambako Beryl alizamisha pua ya ndege yake, ilisaidia kazi hiyo katika miaka ya 1960 kwa mafunzo na kwa ndege za uchukuzi aina ya Otter na Caribou. Sifa kubwa ya Caribou ilikuwa uwezo wa kutua katika viwanja vifupi vya udongo. Nchi kubwa yenye barabara chache ilihitaji kitu kile kile kilichohitajiwa na kambi ya Nungwe, ila kwa kiwango kikubwa zaidi.

Huko Marekani, Beryl alitoa kitabu chake mwaka 1942. Kilisifiwa, lakini nchi ilikuwa vitani na kitabu kikasahaulika. Mwaka huo huo aliolewa mara ya tatu, na Raoul Schumacher, mwandishi. Ndoa hiyo nayo ilivunjika, naye akarudi Kenya na kuanza upya na farasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 farasi aliowafundisha walishinda mashindano makubwa ya Kenya mara kadhaa.

Uzee haukumpa raha. Aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mashindano ya farasi wa Nairobi, akiwa na fedha kidogo na marafiki wachache. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani na safari hii kikauzwa kwa wingi, hivyo miaka yake mitatu ya mwisho ikawa na nafuu.

Mjadala juu ya kitabu hicho haujafungwa. Mwandishi Errol Trzebinski alidai mwaka 1993 kuwa aliyekiandika hasa ni Schumacher, wakati Mary Lovell, aliyeandika maisha ya Beryl mwaka 1987, alisimama upande wa rubani huyo. Wote wawili hawabishani kuhusu jambo moja: kwamba Beryl aliruka, na kwamba aliruka mahali ambapo wengi hawakuthubutu.

Geita ya leo ni nchi nyingine. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Geita imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Ghuba ambayo ilivukwa kwa mitumbwi na vivuko imepitiwa na daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Shinyanga ina uwanja wake wa ndege Ibadakuli, na Mwadui ina uwanja wa mgodi wa almasi.

Pamoja na hayo, wachimbaji wadogo wa ukanda huo wangali wakifukiwa na vifusi na kuvuta vumbi, mara nyingi mbali na kituo cha afya chenye vifaa. Mtungi wa oksijeni haujawa kitu cha kawaida katika kila zahanati iliyo jirani na machimbo, na mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la korona, dunia nzima ilikumbushwa jinsi mtungi huo ulivyo tofauti kati ya uhai na kifo.

Beryl Markham amepewa heshima nyingi, hata shimo moja la sayari ya Zuhura limeitwa kwa jina lake. Kwa watu wa Geita na Shinyanga, funzo la maisha yake ni la karibu zaidi. Uchukuzi wa anga haupimwi kwa ukubwa wa ndege wala kwa wingi wa vikosi. Kipimo chake ni kama mzigo unaohitajika unamfikia mgonjwa akiwa bado anapumua, na kama mgonjwa huyo anaweza kuwa mtu yeyote, si mwenye mgodi peke yake.